Mitaa Iliyokatwa na Reli: Mwenda kwa Miguu Apite Wapi?

Mombasa ni mji uliolelewa na bahari, lakini tangu mwaka 1896 umekuwa pia mji wa reli. Mwaka huo ndipo kazi ya kutandika Reli ya Uganda ilipoanza hapa kisiwani. Ikavuka maji ya Makupa, ikapanda Changamwe, ikashika njia ya Mazeras kuelekea bara. Nairobi ilifikiwa 1899 na Kisumu 1901. Habari za reli hiyo zimeandikwa sana, na mara nyingi huandikwa kwa urefu wake: ilitoka wapi, ikafika wapi, ikabeba nini. Makala haya yanaitazama kwa upana wake. Yanamhusu mtu ambaye hana safari ya treni hata kidogo. Shida yake ni kutoka upande huu wa reli hadi upande wa pili, mita kumi tu, apate kwenda kazini, shuleni, sokoni au msikitini.

Tuanze na ramani. Reli ya zamani inaingia kisiwani kwa Makupa na kuteremka hadi stesheni iliyo mwisho wa barabara ya Haile Selassie, na matawi yake yaelekea bandarini. Upande mmoja inaacha Shimanzi na maghala yake na matangi yake ya mafuta. Upande wa pili inaacha Majengo na Mwembe Tayari, mitaa ya watu. Ukivuka kwenda Mombasa bara, mambo yanazidi kubana. Huko kuna reli ya zamani, kuna SGR iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017 na yenye stesheni yake kubwa Miritini, kuna tawi la mizigo la SGR linaloteremka bandarini kwa upande wa Port Reitz, na juu ya hayo kuna barabara kuu ya Nairobi na malori yake. Mkazi wa Changamwe, Mikindani, Chaani au Miritini anaweza kuwa na zahanati kwa macho anaiona, na bado kuifikia kukawa safari.

Kuna jambo moja la kale ambalo vijana wengi hawalijui. Kabla ya magari kuenea, mji huu ulikuwa na reli nyembamba za toroli, vigari vidogo vyenye viti na kivuli vilivyosukumwa kwa mikono ya watu kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Maofisa na matajiri walikuwa na tawi lao la reli hadi mlangoni. Toroli hizo zilidumu mpaka miaka ya 1920. Zilipita katikati ya mji, penye watu tele, na hakuna mtaa uliogawanyika kwa ajili yake, kwa sababu toroli ilikwenda mwendo wa mtu anayekimbia, na mtu akisimama mbele yake, wasukumaji nao husimama. Basi chuma kilicholala chini peke yake hakigawi mtaa. Kinachogawa ni kasi na uzito wa kile kinachopita juu yake, na ua unaojengwa kwa ajili hiyo.

Mita kumi zenye hatari

Chukua mahali penye njia mbili za reli sambamba, kama zilivyo karibu na stesheni. Kuanzia ukingo hadi ukingo ni kama mita 10. Kijana mwenye nguvu huzivuka kwa sekunde saba au nane. Bibi mwenye kikapu kichwani na mjukuu mkononi huhitaji sekunde 12 au zaidi. Katika sekunde hizo 12, treni ya mizigo inayokwenda kilomita 80 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mizigo kwenye SGR, itakuwa imekwenda zaidi ya mita 260. Treni ya abiria ya kilomita 120 kwa saa itakuwa imemaliza mita 400. Yaani treni ambayo bibi alipoanza kuvuka ilikuwa mbali kabisa, pengine imefichwa na kona au na mabehewa yaliyoegeshwa, humkuta akiwa bado kati.

Wala dereva hawezi kumwokoa. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki kama tairi juu ya lami; ndiyo sababu treni hubeba mizigo mizito kwa mafuta machache, na ndiyo sababu hiyo hiyo haisimami kwa haraka. Treni ndefu ya makontena iliyojaa yaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Dereva akimwona mtu, alichonacho ni honi.

Hapo huja lawama: mbona watu wanavuka ovyo? Jibu moja lilipatikana Mumbai, mji ambao watu wa pwani yetu waujua tangu enzi za majahazi. Reli za mji huo zimeua watu kwa maelfu kila mwaka, wengi wao wakivuka kwa miguu. Mnamo 2010 kikundi cha watafiti wa tabia za binadamu kilijaribu mambo madogo karibu na stesheni ya Wadala. Waliona kwamba jicho la binadamu hukosea: kitu kikubwa kikija, huonekana kwenda polepole kuliko kinavyokwenda. Kwa hiyo wakapaka mataruma kadhaa rangi ya manjano kwa mpangilio, ili anayetazama aone treni inavyoyameza moja baada ya jingine na kupata kipimo cha kasi. Wakabadilisha mlio wa honi ukawa wa vipande vifupi, maana sikio huushtukia zaidi kuliko mlio mrefu. Wakabandika picha ya uso wa mtu aliyepigwa na hofu wakati treni inamfikia. Vifo mahali hapo vilipungua sana, kwa gharama ya rangi na karatasi.

Hayo yanafaa kuigwa hata kesho. Lakini yanatibu dalili. Watu wa Wadala waliendelea kuvuka, kwa kuwa walikuwa na sababu ya kuvuka.

Sababu yenyewe ni hesabu ya miguu. Tuseme daraja lipo, ila liko mita 400 kutoka pale mtu anapotaka kuvukia. Atatembea mita 400 kulifuata na mita 400 kurudi upande wa pili. Hizo ni mita 800, kama dakika 11 kwa mwendo wa kawaida. Asubuhi na jioni ni dakika 22. Kwa siku sita za kazi ni zaidi ya saa mbili kila wiki. Kibarua anayelipwa kwa siku na ambaye msimamizi hufunga geti saa moja kamili, mama aliyeacha mtoto mchanga nyumbani, mwanafunzi aliyechelewa, hawa wote hesabu hiyo wameshaipiga bila kalamu. Ukiwaambia ni wakaidi, umewaonea.

Na kuna jambo linalokuja. Kwa miaka kadhaa treni za reli ya zamani zimekuwa chache, na watu wamezoea kupita juu yake kama uchochoro. Watoto hucheza hapo, nguo huanikwa hapo. Sasa upo mradi wa kuunganisha kwa reli stesheni ya zamani ya mjini na ile ya Miritini, ili abiria wa SGR wafike kisiwani kwa treni badala ya matatu. Ni mradi mzuri, na abiria ameungoja tangu 2017. Lakini reli iliyolala ikiamka, mazoea hayaamki siku moja nayo. Wakati wa kufikiria vivuko ni kabla ya treni za mara kwa mara kuanza kupita.

Juu, chini, au usawa

Kila mtaa ukilalamika, jibu la kwanza la serikali huwa ni daraja la miguu. Daraja huonekana, hupigwa picha, hukatwa utepe. Ila lina hesabu yake. Treni za makontena ni ndefu kwenda juu, na daraja lazima liziachie nafasi. Ukiongeza unene wa sakafu, mvukaji hupanda kama mita 7. Kwa ngazi za sentimita 16, hizo ni ngazi 44 kupanda na 44 kuteremka. Mzee wa magoti haziwezi. Mja mzito hazitaki. Mwenye kiti cha magurudumu hazimhusu kabisa, na mkokoteni wa maji wenye mitungi kumi na tano ndio usiseme.

Dawa ya ngazi ni mteremko, yaani njia laini isiyo na vidato. Kipimo kinachokubalika kwa kiti cha magurudumu ni kupanda mita moja kwa kila mita 12 za mwendo. Kwa mita 7, mteremko utakuwa na urefu wa mita 84 kila upande, bila kuhesabu mahali pa kupumzikia. Ardhi ya kuukunja mara tatu nne inahitajika pande zote mbili, na kwenye mitaa yetu iliyobanana ardhi hiyo tayari ina nyumba za watu. Ndiyo maana madaraja mengi huishia kuwa na ngazi peke yake, na mwenye mkokoteni akabaki pale pale relini, mzigo wake ukiruka juu ya chuma.

Kupita chini ni hesabu nyingine. Mtu hahitaji nafasi ya kontena. Mita 2.5 za kichwa zatosha, na ukiongeza unene wa paa na kokoto za reli, sakafu huwa kama mita 3.5 chini ya reli: nusu ya kile kinachopandwa darajani. Na pale ambapo reli imejengwa juu ya tuta la mita tatu nne, mtu hashuki wala hapandi, hupenya tu, na mkokoteni wake mbele. Kinyume chake, pale reli ilipochimbiwa ndani ya kilima, daraja likiwekwa kutoka ukingo hadi ukingo huwa sawa na barabara, bila ngazi hata moja.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwakilishi wa wadi alishike: umbo la ardhi ndilo lichague aina ya kivuko. Reli zetu kutoka Makupa kwenda juu hazikai sawa. Zinapanda kutoka usawa wa bahari, hapa kwenye tuta, pale kwenye mkato wa kilima. Kila badiliko la ardhi ni nafasi ya kujenga kivuko rahisi, na mtu aliyezaliwa mtaani anajua nafasi hizo kuliko mchoro wa ofisini.

Njia ya chini ina adui wawili, maji na giza. Pwani mvua za mwaka zikishuka, hata barabara zilizo juu hugeuka mito, sembuse shimo lililochimbwa chini ya tuta. Njia ya chini isiyo na mtaro wa kutolea maji kwa mteremko wake yenyewe itakuwa kisima kila Mei, na pampu haina haja ya kutegemewa mahali ambapo stima hupotea. Pale maji hayawezi kutoka yenyewe, afadhali daraja. Giza nalo latatuliwa kwa umbo kabla ya taa. Njia iwe pana, fupi, na iliyonyooka, ili anayeingia aone anayetoka. Njia nyembamba yenye kona hugeuka maskani siku ya tatu, na baada ya magharibi hakuna mama atakayeipita. Ataenda juu relini, kwenye hatari anayoiona kwa macho.

Mfano mzuri wa njia ya chini uko Amsterdam nchini Uholanzi. Stesheni kuu ya mji huo ilijengwa kati ya mji na maji, ikawa ukuta. Mwaka 2015 ilifunguliwa njia ya chini yenye urefu wa mita 110, ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli peke yao, kila mmoja na upande wake, na ukuta umepambwa kwa vigae vya bluu na nyeupe vyenye picha ya merikebu. Mwisho wa njia hiyo ni gati la feri ya kwenda ng'ambo, na feri yenyewe ni bure kwa mwenda kwa miguu, kama ya Likoni. Watu hutoka mjini, hupita chini ya treni, huingia ferini, bila kulipa na bila kupanda ngazi. Wenzetu ni matajiri, ni kweli. Lakini kunyoosha njia ifuate safari ya mtu hadi mwisho wake hakuhitaji utajiri. Kwahitaji kujua mtu anakwenda wapi.

Mumbai hiyo hiyo yatufundisha upande wa pili. Kuanzia 2008 mji ulijenga njia ndefu za juu kutoka stesheni za treni, zikipita juu ya barabara na maduka, ili watu wasisongamane chini. Baadhi yake zilibaki tupu. Watu walikuwa na haja zao chini: kununua mboga, kupanda riksho, kuamkiana. Na mahali pengine palikuwa na daraja moja jembamba mno. Tarehe 29 Septemba 2017, mvua ikinyesha, umati uliokwama kwenye daraja la stesheni ya Elphinstone Road ulikanyagana na watu zaidi ya 20 wakafa. Upana wa daraja hupimwa kwa saa ile mbaya kabisa ya siku, wakati zamu zinabadilishana na mvua inawakimbiza watu wote mahali pamoja. Aliyesimama Likoni saa kumi na moja jioni hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuvuka kwa usawa, reli na njia zikikutana ardhini, ndiko kwa bei nafuu na ndiko miguu hupenda. Kwenye SGR hakufai. Mwendo ni mkubwa mno. Lakini kwenye matawi ya zamani ambako treni huenda polepole, kivuko cha usawa kilichojengwa vizuri ni halali kabisa: sakafu ngumu iliyolingana na reli ili gurudumu lisinase, vizuizi viwili vya kupishana vinavyomlazimisha mtu kugeuka na kutazama pande zote kabla ya kuingia, kengele, taa, na magugu yaliyofyekwa ili kona ionekane. Magugu hasa. Ni ajabu ni mara ngapi kufyeka tu kungetosha.

Jirani zetu wa Dar es Salaam walichagua kuinua treni badala ya mtu. Reli yao mpya ya umeme, inapoingia katikati ya jiji, imewekwa juu ya nguzo, na maisha yanaendelea chini yake. Ni ghali, lakini ilikuwa kwenye mchoro tangu mwanzo, na kitu kilicho kwenye mchoro tangu mwanzo hugharimu kidogo kuliko kuja kukiongeza baadaye.

Nyayo za ndovu

Tukisema hayo, mtu atauliza kama Kenya ina uwezo wa kufikiria vivuko mapema. Inao. SGR ilipopita Tsavo, zilijengwa njia maalumu za chini na madaraja ili wanyama waendelee kuvuka, mengine ya juu vya kutosha ndovu dume apite bila kuinama. Ndovu kadhaa walivishwa kola za kufuatilia nyendo, wataalamu wakaangalia wanavukia wapi na wapi wanakwama. Nairobi nako, reli ilipokatiza mbuga ya wanyama, ilipandishwa juu ya nguzo kwa kilomita sita ili twiga wapite chini.

Sina ugomvi na ndovu. Walikuwepo kabla ya reli, na njia zao ni za kurithi. Ila mwanafunzi wa Miritini naye ana njia ya kurithi, aliyoipita babake na nyanya yake wakienda kuteka maji, na haihitaji kola kuijua. Njia hiyo imejichora yenyewe ardhini. Maji hufuata mkondo, na miguu vilevile: penye kijia chekundu kilichokauka na kisichoota nyasi, hapo ndipo watu huvuka.

Ua wa seng'enge husoma vivyo hivyo. Ukikuta tundu lililotobolewa, likazibwa, likatobolewa tena pale pale, umepewa habari bure kabisa. Limeshakuonyesha mahali lango au njia ya chini inapotakiwa, kwa uhakika kuliko mshauri yeyote wa kulipwa. Kinachofanyika mara nyingi ni kuliziba kwa nondo nene zaidi.

Jukumu la nani?

Hapa ndipo mambo mengi hukwama, kwa hiyo inafaa kuyaeleza polepole. Chini ya Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, reli ni kazi ya serikali ya kitaifa, na inasimamiwa na Shirika la Reli la Kenya. Barabara za kaunti, taa za mitaani na mitaro ya mtaa ni kazi ya kaunti. Barabara kuu ya Nairobi iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Mwenda kwa miguu anayetoka nyumbani, akavuka barabara, akavuka reli, akaingia uchochoroni, amepita katika mikono ya ofisi tatu kwa dakika tano. Kivuko chenyewe huangukia katikati. Shirika laweza kujenga daraja likaishia kwenye tope, kwa sababu njia ya kulifikia si yake. Kaunti yaweza kuweka taa mpaka ukingo wa hifadhi ya reli, na mita 30 zinazofuata zikabaki giza.

Sheria pia yasema kuingia katika ardhi ya reli bila ruhusa ni kosa. Maana yake, mtu asiyepewa kivuko akivuka, mbele ya sheria yeye ndiye mkosaji, na jamaa zake wakidai fidia ataambiwa marehemu hakuwa na ruhusa ya kuwa pale. Upande wa pili wa mizani, Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Daraja la ngazi 88 na mteremko usiokuwepo ni vigumu kulilinganisha na kifungu hicho. Na kwa kuwa mteremko unaomfaa mwenye kiti cha magurudumu ndio huo huo unaomfaa hamali na mkokoteni wake, anayeudai hadai kwa ajili ya wachache.

Kwamba ofisi zaweza kufanya kazi pamoja, Nairobi pana mfano. Kibera na Mukuru, watu walikuwa wamejenga na kuuza bidhaa hatua chache kutoka relini. Shirika la Reli, kwa fedha za Benki ya Dunia, lilijenga nyumba na vibanda vya biashara vya kuwahamishia kando, na ukuta wa kutenga reli. Mradi ulichukua miaka mingi na haukukosa malalamiko. Hata hivyo ulikiri jambo ambalo wengi hukataa kukiri: kwamba mkazi wa kando ya reli ana haki ya kuhesabiwa kabla ya ukuta kusimama.

Neno moja juu ya wachuuzi. Kila kivuko huvuta biashara, na mama wa mahamri ndiye wa kwanza kufika. Desturi ni kumfukuza. Mimi naona yeye ndiye mlinzi wa bei nafuu kuliko wote; njia ya chini yenye mtu anayekaanga kitu mdomoni mwake tangu alfajiri haina muda wa kuwa maskani ya wezi. Atengewe nafasi pale kivuko kinapofunguka, penye uwanja kidogo na kivuli, ili asilazimike kukaa kwenye ngazi na kubana njia.

Kinachobaki ni wakazi kufika kwenye vikao. Mradi mkubwa wa reli hauwezi kuanza bila tathmini ya mazingira, na tathmini hiyo hualika maoni ya umma. Tangazo hutoka magazetini na kwa chifu, kikao huitwa, soda hunywewa, watu husema tunataka daraja, kisha huondoka. Maneno matupu hayaingii kwenye mchoro, hesabu huingia. Vijana kumi wa mtaa wanaweza kuifanya kwa siku mbili. Siku moja iwe ya kazi na nyingine Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni hadi baada ya isha. Wakae kwenye kila kijia kinachokatiza reli na waandike: wangapi wamevuka, wangapi ni watoto wa shule, wangapi wamebeba mzigo, mikokoteni mingapi, wangapi wanashikwa mkono. Waulize watu wawili watatu kila saa wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Wachore ramani kwa mkono, ionyeshe shule, msikiti, kanisa, zahanati, stegi ya matatu, na kila tundu kwenye seng'enge. Waonyeshe pia ni wapi reli iko juu ya tuta na ni wapi imezama, na wapi maji husimama mvua ikinyesha.

Karatasi hizo zipelekwe ofisi zote tatu, Shirika la Reli, kaunti na mamlaka ya barabara, kwa siku moja, kila barua ikitaja kwamba nakala iko kwa wale wengine. Ziulize mambo manne kwa jina lake: kivuko kitakaa kwenye kijia kipi, mteremko utakuwa wa kipimo gani, watu watapita wapi wakati ujenzi unaendelea, na balbu ikiungua ni nani wa kupigiwa simu. Hilo la balbu lisionekane dogo. Na kila nakala ya kubaki nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, kabla hamjatoka mlangoni.